Kuuliza Data kwa Amri: Bure, Seva ya Kukodi au Kulipia kwa Swali?

Una mauzo ya miaka mitatu kwenye mafaili ya CSV, bosi anataka ripoti kila Jumatatu, na fungu ni dogo. Zana za kuandikia maswali ya SQL kwenye dirisha la amri karibu zote hupakuliwa bure. Gharama iko kule swali linakoenda kufanyiwa kazi.

Kompyuta yako. SQLite haina malipo yoyote, na hifadhidata nzima ni faili moja. DuckDB nayo ni ya bure, tena inasoma CSV moja kwa moja. Unaandika swali kwenye faili, unalijaribu, kisha unaiwekea kompyuta ratiba ya kuliendesha kila wiki. Intaneti ikikatika, kazi inaendelea. Kasoro: SQLite huruhusu mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja, na laptopu ikiibiwa data imekwenda nayo. Tenga pesa ya diski ya nje.

Seva ya kukodi. PostgreSQL ni ya bure pia, na watu wengi wanaweza kuingiza data kwa pamoja. Seva yenyewe ndiyo unayolipia mwezi mzima, hata usipouliza swali hata moja. Kabla ya kulipa, uliza kama nakala za akiba na data inayotoka zimo kwenye bei iliyotangazwa. Ukilipa dola kwa kadi, hesabu na makato ya benki.

Kulipia kwa swali. BigQuery ya Google inakupa terabaiti 1 ya kusoma bure kila mwezi. Ukiimaliza, bei ya kawaida Marekani ni dola 6.25 kwa terabaiti. Hapa ndipo wengi hunasa: unatozwa kwa data iliyosomwa, si kwa majibu uliyopata. Kuandika LIMIT 10 kwenye jedwali la kawaida hakupunguzi hata senti. Taja safu unazozihitaji tu, maana SELECT * husoma zote.

Chukua jedwali la gigabaiti 50. Ukiratibu swali linalolisoma lote kila saa, ni gigabaiti 1,200 kwa siku. Mgao wa bure umekwisha siku ya kwanza, na bili ya mwezi inapita dola 200. Swali hilohilo likiendeshwa mara moja kwa wiki halikugharimu kitu.

Zana ya amri ya BigQuery, bq, ina kinga mbili. Chaguo la --dry_run hukuonyesha ukubwa wa kitakachosomwa bila kutoza. Lile la --maximum_bytes_billed hukataa swali linalozidi kikomo chako.

Uamuzi ni huu. Data ikienea kwenye diski yako, baki na zana za bure. Maswali yako ya SQL utahama nayo baadaye kwa marekebisho machache. Waingizaji wakiwa wengi, kodi seva ndogo. Kulipia kwa swali ni kwa data iliyoishinda mashine yako, na usiulize swali la kwanza kabla hujaweka kikomo.