Leseni ya kwanza: pesa yako ipitie wapi?

Umefikisha miaka 18, unataka kushika usukani. Kabla ya kuanza mazoezi barabarani, unahitaji leseni ya muda ya NTSA, inayoombwa kupitia eCitizen. Hapo ndipo madalali huvizia: "Nitumie kwa namba yangu, kesho unayo." Tunakuomba usitume. Malipo ya serikali huingia Paybill 222222, na namba ya akaunti ni ile iliyo kwenye bili yako ya eCitizen. Soma jina linalotokea kabla ya kuweka PIN. Ukiona la mtu binafsi, kata. Pesa ikishatolewa kwa ajenti, hata sisi kukurudishia ni kazi ngumu. Karo ya shule ya udereva nayo ilipe kwa till ya shule, si kwa simu ya mwalimu, hata akiwa mpole namna gani.