Fito za Ndani ya Mifupa na Meno ya Watoto Wetu

Siku tukila kuku, akina mama, tusitupe mifupa yote. Tuchukue mmoja wa paja, tuusafishe, tuuloweke katika siki kwa siku kadhaa, tukiibadilisha siki. Tukiutoa tutashangaa, maana utapindika kama mpira. Mfupa wa pili tuuchome katika makaa mpaka uwe mweupe. Huo tukiuminya kidogo tu, utavunjikavunjika.

Majaribio hayo mawili yanatuonyesha jambo ambalo wengi wetu hatukufundishwa. Tumezoea kusema kuwa mfupa ni kalsiamu tu. Sivyo. Mfupa umejengwa kama nyumba ya miti na udongo. Fito zake ni nyuzi za protini iitwayo kolajeni, ambazo chembe hai za mfupa huzitengeneza na kuzipanga nje yake. Udongo ni madini ya kalsiamu na fosfeti yanayokandikwa juu ya fito hizo. Siki imeondoa udongo. Moto umeteketeza fito.

Kwa hiyo maziwa na dagaa peke yake havitoshi. Fito hujengwa kwa protini, kama ya maharage, mayai na samaki, na hufungwa imara kwa msaada wa vitamini C iliyomo katika mapera, machungwa na mapapai. Jua nalo huupa mwili vitamini D ya kufyonza kalsiamu.

Wapo watoto wachache wanaozaliwa na kasoro katika kolajeni. Mifupa yao huvunjika kwa jambo dogo, na mara nyingine wazazi hudhaniwa wamewapiga. Tusiwe wepesi wa kumhukumu mama mwenzetu. Tumshauri ampeleke mtoto kwa daktari.

Na meno je? Sehemu yake ya ndani ina kolajeni kama mfupa. Lakini enameli, lile ganda gumu la nje, hujengwa kwa protini nyingine, amelojenini. Hii ni kama mbao za fundi anayemwaga zege: madini yakikua, protini huondolewa. Mwishowe enameli huwa madini kwa asilimia 96 hivi. Jino likichomoza, chembe zilizoijenga hufa. Ndiyo maana enameli iliyoharibika haijengwi tena na mwili.

Hapa ndipo penye uchungu wa akina mama wengi wa Arusha, Kilimanjaro na Bonde la Ufa la Kenya. Maji ya huko, yanayopita katika miamba ya volkano, mara nyingi yana floraidi nyingi. Ikizidi wakati jino linaumbwa, protini hiyo hucheleweshwa kuondoka, na enameli hubaki na vitundu. Jino huchomoza na madoa, kisha hugeuka kahawia. Mtoto huchekwa shuleni, na mama huambiwa hamswakishi. Mswaki hauna kosa hapo, wala mama.

Tufanye nini? Miaka 8 ya kwanza ndiyo ya kulindwa zaidi, maana ndipo enameli ya meno mengi ya ukubwani hujengwa. Kuchemsha maji huua vijidudu, lakini hakuondoi floraidi. Tuulize idara ya maji kipimo cha chanzo chetu. Shirika la Afya Duniani linashauri kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Maji ya mvua yaliyokingwa vizuri huwa na floraidi kidogo sana. Tuyatunze kwanza kwa kinywaji na uji wa wadogo. Tupunguze pia magadi katika maharage, kwani mengi yana floraidi.

Ipo pia njia nyingine. Huko Ngurdoto, Arusha, na Nakuru, mifupa ya ng'ombe imechomwa ikawa makaa ya kuchujia maji. Madini ya mfupa huinasa floraidi. Mfupa ule ule tunaoutupa jalalani waweza kuyaokoa meno ya mtoto.