Jina la Nani Liandikwe? Haki ya Uandishi katika Utafiti wa Uuguzi

Muuguzi apandaye vijia vya Uluguru kwenda kuwahoji wafiwa hakusanyi majibu tu. Akiambiwa kwamba mtoto alifariki kwa degedege, yeye ndiye ajuaye la kuuliza zaidi: homa ilianza lini, na mwili ulikakamaa vipi? Kwa maana wako wazazi wanaoitenga degedege na malaria, na mtafiti asiyelijua hilo aweza kuandika sababu ya kifo isiyo yenyewe. Je, matokeo yakichapishwa, jina la muuguzi huyo likae wapi?

Kazi ya namna hiyo imefanyika kweli. Kuanzia mwaka 1992 Wizara ya Afya, ikishirikiana na Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, iliendesha mradi wa kuchunguza maradhi na vifo vya watu wazima katika Dar es Salaam, Hai na Morogoro Vijijini. Kwa kuwa wengi walifia nyumbani, sababu ya kifo ilitafutwa kwa kuwahoji jamaa, kisha madaktari wakayapima maelezo hayo. Habari za vifo vya kiharusi zilipotoka katika jarida la Lancet mwaka 2000, majina ya Watanzania na Waingereza yalisimama pamoja. Hata hivyo, orodha ya waandishi haiwezi kumchukua kila aliyebisha hodi.

Ni nani basi aitwaye mwandishi? Wahariri wa majarida ya tiba, walioanza kukutana Vancouver, Kanada, mwaka 1978, wameweka masharti manne. Mtu awe amechangia kwa uzito katika kuibuni kazi, au kukusanya takwimu, au kuzichambua. Awe ameandika rasimu au kuihakiki kwa kina. Aidhinishe nakala ya mwisho. Tena awe tayari kuijibia kazi hiyo. Yote manne sharti yatimie. Asiyeyatimiza hutajwa katika shukrani.

Hapo ndipo hila hujificha. Mkuu asiyesoma hata ukurasa mmoja huingizwa kwa heshima ya cheo, naye muuguzi huachwa kwa hoja kwamba hakushiriki kuandika, ilhali rasimu hakupelekewa! Wahariri hao wamelikataza jambo hili waziwazi: aliyetimiza sharti la kwanza yapasa apewe nafasi ya kutimiza mengine. Kwa hiyo mapatano juu ya majina na mpangilio wake huandikwa kabla ya safari ya kwanza ya mlimani, si siku ya kupeleka makala kwa mhariri, na hupitiwa upya kazi za watu zikibadilika.

Mfano mwema umo nchini, ingawa ni wa fizikia. Erasto Mpemba, akiwa mwanafunzi wa sekondari, alimwuliza Denis Osborne, mwalimu wa chuo kikuu Dar es Salaam, kwa nini maji ya moto sana huganda kabla ya yale ya vuguvugu. Wenzake walimcheka. Osborne akalipima swali, na angeweza kumshukuru kijana kwa mstari mmoja yakaisha. Makala ilipotoka mwaka 1969, Mpemba alisimulia sehemu yake kwa maneno yake mwenyewe, Osborne akaeleza vipimo, na jina lililotangulia lilikuwa la Mpemba.