Arusha: Kwa nini springi mpya pekee haziliponyi gari kuukuu la safari

Mwezi wa Aprili, mvua za masika zinapokuwa kali na watalii wakapungua, gereji za Arusha, kaskazini mwa Tanzania, hujaa Land Cruiser zilizoinuliwa kwa jeki, magurudumu yamevuliwa, springi zimelazwa chini kando yake. Huo ndio msimu wa matengenezo. Ifikapo Juni, kiangazi kinapoanza na wageni wakarejea, magari hayo hutakiwa kuwa tayari kwa kazi nzito: kuwabeba abiria sita au saba pamoja na dereva, mizigo yao, maji na mafuta ya akiba, mara nyingi juu ya chesisi iliyokatwa na kurefushwa ili viti viongezeke.

Wasikilizaji wetu wa Buyenzi, mtaa ambao ufundi wa magari ni riziki ya nyumba nyingi, watalitambua tatizo hili hata kama majina yake hubadilika yanapovuka mpaka. Kile ambacho fundi wa Arusha hukiita shokapu, fundi wa Bujumbura hukiita amotiseri, kwa kuwa mmoja alilipokea neno kutoka kwa Mwingereza na mwingine kutoka kwa Mfaransa. Mfasiri huhangaika, lakini chuma ni kilekile.

Gari linalotumika zaidi katika kazi hiyo ni Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ambao Toyota iliuanzisha mwaka 1984. Hadi mwaka 1999, matoleo marefu ya kazi ya mfululizo huo yalikuwa na springi za vyuma bapa mbele na nyuma. Tangu mwaka huo mbele kukawekwa springi za koili, na nyuma kukabaki vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ni magari imara, na uimara huo ndio huwafanya wenyewe wayatumie miaka 20 au zaidi bila kujiuliza ni nini kilichochakaa chini yake.

Adui mkubwa ni barabara. Lami hukoma katika lango la Lodoare, mlangoni mwa Ngorongoro, na kuelekea Serengeti njia huwa ya changarawe iliyojikunja kama bati la kuezekea. Tuchukue kwamba makunyanzi hayo yameachana sentimeta 80. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa husafiri karibu mita 14 kila sekunde; maana yake kila gurudumu hupigwa mara 17 kwa sekunde moja, saa baada ya saa.

Springi hubeba uzito na kulipokea pigo. Lakini springi iliyominywa hutaka kurudi, na ikirudi hupitiliza, ikanesa tena na tena. Kuituliza ni kazi ya shokapu: ndani yake pistoni huyasukuma mafuta yapite katika matundu madogo, na nguvu ya mneso hugeuka kuwa joto. Mapigo yakizidi, mafuta hupata moto, na katika shokapu za kawaida huchanganyika na hewa yakafanya povu. Povu hupita matunduni bila kipingamizi. Kuanzia hapo gurudumu hurukaruka, na tairi ambalo nusu ya muda wake liko hewani halishiki kona wala breki. Abiria huona gari limekuwa jepesi na mwendo umekuwa laini, hata wakafurahi. Dereva mzoefu hupunguza mwendo mara moja. Ndiyo sababu shokapu zenye gesi ya naitrojeni, inayoyabana mafuta yasitoe povu, zina thamani ya kweli katika njia kama hizi.

Kosa la kawaida huanza hapa. Mwenye gari huliona limelala upande wa nyuma, akaamuru liongezwe chuma kimoja au viwili katika fungu la springi, au akanunua seti ngumu zaidi. Gari huinuka na kupendeza macho. Lakini springi ngumu hurudi kwa nguvu kubwa kuliko ile ya zamani, na shokapu ileile iliyochoka haiwezi kuizuia. Pigo ambalo zamani lilimezwa na springi sasa hupelekwa kwenye vishikizo vya shokapu na kwenye chesisi, na chesisi iliyowahi kukatwa na kuchomelewa si mahali pa kupelekea mapigo. Springi huchaguliwa kwa uzito unaobebwa siku nyingi, na njia ya kuujua uzito huo ni kulipitisha gari kwenye mizani likiwa na shehena yake ya kawaida. Tena, springi ngumu haiongezi uwezo wa ekseli wala wa breki.

Juu ya breki kuna jambo ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Katika nyingi ya Land Cruiser hizi kuna vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo nyembamba. Kazi yake ni kupima jinsi gari lilivyolala. Likilala kwa uzito, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma. Likiinuka, huipunguza, kwa kudhani kwamba gari ni tupu. Mtu akiliinua gari kwa springi mpya bila kuirekebisha fimbo hiyo, vali hudanganyika: gari lina watu wanane na breki za nyuma hufanya kazi kana kwamba lina dereva peke yake. Kosa hilo halionekani gereji. Huonekana kwenye mteremko. Mipira ya breki nayo yafaa ikaguliwe isije ikavutika ekseli inaponing'inia.

Kuinua mbele kuna gharama yake pia. Ekseli ya mbele hushikwa na mikono miwili ya chuma. Gari likiinuka, mikono huizungusha ekseli kidogo, na usukani hupoteza tabia ya kurudi katikati wenyewe. Dereva huanza kupigana na gari katika barabara iliyonyooka. Dawa ipo, yaani bushi maalumu zenye tundu lililo pembeni kidogo, ila ni lazima zihesabiwe katika bei tangu mwanzo.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba fedha zikiwa chache, zianzie kwenye bushi, vile vipande vya mpira ambavyo bei yake ni ndogo mno ikilinganishwa na springi. Mtihani wake ni rahisi. Gari likiwa limesimama juu ya magurudumu yake, mtu mmoja auzungushe usukani kushoto na kulia huku mwingine akiitazama ile fimbo iliyokingama juu ya ekseli ya mbele. Fimbo ikicheza kwenye ncha zake kabla magurudumu hayajageuka, bushi zimekwisha. Mtikisiko mkali wa usukani baada ya kupita shimo mara nyingi hutoka hapo, au kwenye beringi za fundo la gurudumu. Kuufunika kwa shokapu mpya ya usukani ni kuahirisha ugonjwa.

Wauzaji husifu bushi za plastiki ngumu kwa kuwa hazilewi mafuta na hudumu. Ni kweli, na kwenye masikio ya springi za nyuma hufaa. Lakini ile mikono ya mbele hujinyonga kila gurudumu moja linapopanda, na bushi isiyokubali kunyongwa hukihamishia kishikizo mzigo huo. Hapo mpira wa kawaida ni bora. Bushi za mpira zina sharti lake: bolti zikazwe mwisho gari likiwa limeshuka chini na kubeba uzito wake. Zikikazwa likiwa juu ya jeki, mpira hukaa umenyongwa daima na kupasuka mapema, kisha mwenye gari akalaumu spea.

Zile yubolti zinazoifunga springi kwenye ekseli huvutika zikikazwa, kwa hiyo za zamani hazirudishwi. Na zilizo mpya hukazwa tena baada ya safari ya kwanza, kabla gari halijapakia wageni wengine.