Tairi Pana, Rimu Ileile

Rimu za chuma za Land Cruiser nyingi za kazi, zile za 70 Series zinazobeba viazi na mbolea mashambani Timau, zimepigwa chapa ya 5.50F. Upana wa rimu hiyo ni inchi tano na nusu, na ilitengenezewa tairi jembamba na refu la 7.50R16. Mwenye gari hupita dukani, akaona tairi la 265/75R16 lililojaa kifua, akapima nafasi iliyobaki chini ya fenda kwa jicho na kuridhika. Chapa ya rimu haisomi. Kosa huanzia hapo.

Kwa kimo, macho hayakumdanganya. Namba 265 ni upana wa tairi kwa milimita, na 75 ni kimo cha ubavu wake, yaani asilimia 75 ya upana huo. Ukijumlisha mbavu mbili na rimu ya inchi 16, unapata kimo cha karibu milimita 804, takriban sawa na tairi la kiwandani. Lakini watengenezaji hutaka tairi la 265/75R16 livalishwe rimu ya inchi 7 hadi 8. Hata 235/85R16, ambalo wengi huliona dogo na salama, huanzia rimu ya inchi 6. Kwenye inchi tano na nusu, yote mawili yamebanwa.

Tairi lililobanwa hukunjwa kingo zake kuelekea ndani. Mbavu huvimba nje kama puto, mabega huinuka, na sehemu ya katikati ndiyo inayobeba mzigo. Meno ya katikati huisha upesi huku ya pembeni yakibaki mapya. Dereva akipunguza upepo ili tairi lilale chini, mbavu hupinda zaidi kila linapozunguka, na kupinda huko huzaa joto. Timau iko juu ya mita 2,000, kwenye miteremko ya kaskazini ya Mlima Kenya. Ukitoka hapo na kukata kushoto kwenye njia panda ya Subuiga kuelekea Isiolo, unashuka muda mrefu hadi kwenye nchi ya joto kali, gari likiwa na mzigo na kona zikiwa mbele yako. Hapo si mahali pa tairi lenye mbavu legevu na kingo zisizokaa sawasawa kwenye rimu.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Tairi pana halikanyagi eneo la barabara lililo kubwa zaidi kwa kiasi kikubwa. Gurudumu lililobeba kilo 350 kwa upepo wa paundi 32 hukanyaga takriban sentimita za mraba 155, liwe pana au jembamba, kwa sababu upepo ndani ya tairi ndio unaobeba sehemu kubwa ya uzito. Kinachobadilika ni umbo la eneo hilo: tairi pana hukanyaga kwa upana, jembamba kwa urefu.

Kwa mkulima wa viazi msimu wa mvua, umbo hilo lina maana kubwa. Tairi jembamba hukata tope na kutafuta udongo mgumu ulio chini. Pana huelea juu ya tope na kuteleza. Ndiyo maana magari ya mbio za Uswidi huvaa matairi membamba yenye misumari yanapokimbia kwenye theluji na barafu. Upana husaidia kwenye mchanga, kama ule wa laga (mito mikavu) za Samburu, na hata huko dereva mzoefu hutoa upepo kwanza kabla ya kufikiria kununua matairi mengine.

Wenye magari madogo wana nafasi zaidi. Rimu ya inchi 6 inayovaa 195/65R15 inaruhusiwa pia kuvaa 205/65R15. Kimo hupanda kutoka milimita 634 hadi 647, asilimia mbili hivi, kwa hiyo mshale wa spidi ukionyesha 80, gari linakwenda karibu 82. Hatua moja kama hiyo inavumilika, mradi tairi lisiguse fenda usukani ukikatwa hadi mwisho, na namba ya mzigo isiwe chini ya ile ya tairi la awali. Kwa mfano, tairi la namba 91 hubeba hadi kilo 615. Wala tairi kubwa haliipi ekseli nguvu mpya: gari lililotengenezwa kubeba magunia kadhaa litabaki kubeba hayohayo.

Tukirudi kwenye Land Cruiser, fundi anapovalisha tairi kwenye rimu ya 5.50F yenye pete ya chuma, asijaze upepo akiwa ameinamia gurudumu. Pete isiyokaa vizuri huruka kwa nguvu ya kuua, na karakana makini hujazia tairi la namna hiyo ndani ya kizimba cha chuma.

Anayetaka upana kwa dhati anunue rimu pana kwanza, halafu matairi. Kwa Land Cruiser ya shambani Timau iliyobaki na rimu yake ya 5.50F, tairi sahihi bado ni 7.50R16 lenye tyubu, lililojazwa upepo asubuhi likiwa baridi.