Saini za Mtandaoni na Haki ya Mtoto: Kelele Huzaa Matunda Lini?

Siku hizi simu zetu hupokea mara kwa mara ujumbe wa kutuomba tusaini, tusambaze au tubadilishe picha zetu kwa ajili ya mtu aliyeonewa. Wapo wanaosema kazi hiyo ni kupoteza muda na kutuliza dhamiri tu. Wapo pia wanaoamini kwamba mtandao peke yake unaweza kuangusha ukuta wowote. Katika makala haya tutaangalia mambo matatu yaliyotokea Afrika Mashariki kati ya mwaka 2012 na 2015, ili tuone ni wakati gani sauti ya mtandaoni huleta haki na ni wakati gani huishia hewani.

Filamu iliyozunguka dunia

Tarehe 5 Machi 2012 shirika la Kimarekani la Invisible Children lilitoa mtandaoni filamu ya dakika 30 hivi iitwayo Kony 2012. Lengo lilikuwa kumfanya Joseph Kony, kiongozi wa waasi wa LRA, ajulikane kila mahali ili akamatwe. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilikuwa imetoa hati ya kumkamata tangu mwaka 2005. Ndani ya siku sita filamu hiyo ilitazamwa mara milioni 100 hivi.

Hata hivyo, wakati filamu inatoka, waasi hao walikuwa wameshaondoka kaskazini mwa Uganda kwa miaka kadhaa. Walikuwa katika misitu ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mwezi huohuo wa Machi, filamu ilionyeshwa hadharani mjini Lira. Watu waliopoteza ndugu zao katika vita walikasirika, wengine wakarusha mawe, na maonyesho yakakoma. Tarehe 20 Aprili vijana wa miji mbalimbali duniani walitakiwa kutoka usiku kubandika mabango, lakini waliojitokeza walikuwa wachache. Mwaka 2017 majeshi ya Marekani na Uganda yalisitisha msako bila kumkamata Kony.

Tuone tofauti. Tangu miaka ya 1990 viongozi wa dini wa Acholi, Wakristo na Waislamu pamoja, walikuwa wakifanya kazi ya upatanisho. Walishinikiza Bunge la Uganda kwa jambo moja: sheria ya msamaha. Sheria hiyo ilipitishwa mwaka 2000, na maelfu ya wapiganaji, wengi wao wakiwa watoto waliotekwa, wakapata njia ya kurudi nyumbani. Viongozi hao hawakuwa na watazamaji milioni 100. Walikuwa na ombi linaloeleweka, na walijua mlango wa kubisha.

Binti wa Busia

Mwezi Juni 2013, katika Kaunti ya Busia, magharibi mwa Kenya, msichana wa miaka 16 alibakwa na kundi la vijana alipokuwa akitoka kwenye mazishi ya babu yake. Kisha wakamtupa kwenye shimo la choo. Magazeti yalimwita Liz ili kuficha jina lake halisi. Baadhi ya watuhumiwa walifikishwa polisi. Adhabu waliyopewa ilikuwa kufyeka nyasi kuzunguka kituo, kisha wakaachiwa waende zao.

Gazeti la Daily Nation lilipoichapisha habari hiyo mwezi Oktoba, wanaharakati wanawake walianzisha ombi kwenye tovuti ya Avaaz. Ombi halikusema tu kwamba ubakaji ni mbaya. Lilitaka mambo mawili: waliofanya unyama huo wakamatwe na kushtakiwa, na polisi waliowaachia wachukuliwe hatua. Saini zilipita milioni moja. Tarehe 31 Oktoba waandamanaji walizipeleka wenyewe kwa miguu hadi makao makuu ya polisi jijini Nairobi.

Baada ya shinikizo hilo jalada lilifunguliwa upya na kesi ikafikishwa mahakamani. Aprili 2015 mahakama iliwahukumu watu watatu kifungo cha miaka 15 kila mmoja. Chini ya Sheria ya Makosa ya Ngono ya Kenya ya mwaka 2006, hicho ndicho kifungo cha chini kabisa kwa ubakaji wa kundi.

Msomaji atambue kwamba kati ya maandamano na hukumu ilipita takriban mwaka mmoja na nusu. Katika muda huo waliosaini wengi walikuwa wameshahamia kwenye habari nyingine. Kesi ilihitaji ushahidi wa daktari, mashahidi wasiokata tamaa na watu wa kukaa karibu na binti yule na mama yake. Saini milioni moja zilifungua mlango uliokuwa umefungwa. Kazi ya ndani ilifanywa na wachache waliobaki.

Mabinti wa Meru

Mwaka huohuo wa 2013 jambo jingine lilitokea Meru, upande wa pili wa nchi. Shirika la Ripples International, linalowahifadhi wasichana walionajisiwa, lilikuwa limegundua kwamba mabinti wengi waliripoti polisi bila hatua yoyote kuchukuliwa. Wengine waliombwa fedha, wengine wakadhihakiwa. Kwa msaada wa wanasheria, shirika hilo lilikusanya kumbukumbu za mtoto mmoja mmoja. Oktoba 2012 lilifungua shauri katika Mahakama Kuu ya Meru pamoja na mabinti 11, kwa niaba ya wengi zaidi. Shauri hilo lilikuja kujulikana kama kesi ya wasichana 160.

Tarehe 27 Mei 2013 mahakama iliamua kwamba polisi walivunja Katiba kwa kutochunguza malalamiko ya watoto hao. Iliwaamuru wafanye uchunguzi wa haraka na wa kitaalamu. Ulikuwa ushindi mkubwa kwa watoto wote wa Kenya.

Lakini hebu tutazame tarehe. Hukumu ya Meru ilitoka Mei, na binti wa Busia alishambuliwa Juni. Amri ya mahakama ilikuwepo, na bado watuhumiwa walipewa mafyekeo. Hukumu haitembei yenyewe kutoka Meru hadi Busia. Inahitaji watu wa kuitangaza na kuuliza kila kituo kama inafuatwa. Hapo ndipo tunapoona kwamba sauti na jalada vinategemeana. Jalada lisilo na sauti hukaa kabatini, na sauti isiyo na jalada hupita kama upepo.

Tunajifunza nini?

1. Ombi liwe dogo na wazi. "Mshtakiwa afikishwe mahakamani" ni ombi linaloweza kujibiwa. "Dunia ijue" halina wa kulijibu.
2. Ombi liwe na anwani. Lazima awepo ofisa mwenye mamlaka, anayeweza kuulizwa kesho yake amefanya nini.
3. Aliyeumizwa asikilizwe kwanza. Watu wa Lira walikasirika kwa sababu mateso yao yalisimuliwa kwa namna iliyowaumiza tena.
4. Wawepo watu wa kubaki. Kabla ya kuanzisha kampeni, tujiulize nani atakuwepo mahakamani mwakani.

Kikundi chetu kifanye nini?

Kikundi cha usharika au jumuiya hakihitaji saini milioni moja. Mtoto akinajisiwa kijijini, hatua ya kwanza si kupiga picha na kuituma kwenye WhatsApp. Sheria za Kenya na Tanzania zinalinda utambulisho wa mtoto aliyedhulumiwa, na picha ikishasambaa hairudi.

Apelekwe hospitali haraka, asiogeshwe, na nguo zake zisifuliwe. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU huanzwa ndani ya saa 72. Taarifa itolewe polisi, na namba ya kumbukumbu iandikwe: OB kwa Kenya, RB kwa Tanzania. Fomu ya daktari, yaani P3 kwa Kenya na PF3 kwa Tanzania, ijazwe na nakala itunzwe. Simu ya watoto namba 116 hupigwa bure katika nchi zote mbili. Kikundi kichague watu wawili wa kufuatilia jalada kila wiki na kuandika majibu wanayopewa.

Wakizungushwa, hapo sasa sauti itumike. Barua iende kwa mkuu wa kituo, kisha kwa ngazi ya juu yake, kisha kwa mashirika ya utetezi na vyombo vya habari. Mtandao ukitumiwa wakati huo, utakuwa na namba ya jalada, tarehe, na ombi moja. Ujumbe wa namna hiyo ni vigumu kuupuuza.

Katika Injili ya Luka, sura ya 18, Bwana Yesu anasimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Mjane yule hakuwa na fedha wala jamaa wakubwa. Alikuwa na ombi moja, kwa mtu mmoja mwenye mamlaka, na alirudi tena na tena. Leo tunaweza kumsindikiza mjane wa namna hiyo tukiwa maelfu, kwa kubonyeza simu. Lakini lazima awepo wa kwenda naye hadi mlangoni, na kurudi naye kesho.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Je, ni ujumbe gani wa kampeni tuliousambaza karibuni? Ulikuwa na ombi gani, na kwa nani?
2. Je, tunamjua ofisa wa polisi anayeshughulikia kesi za watoto katika eneo letu?
3. Ni nani kati yetu wako tayari kufuatilia jalada moja hadi mwisho?