Jogoo wa kubakisha mu lupango: tusiuze mbegu juu ya feza ya Noeli

Kila mwaka, kuanzia mwezi wa 10, wachuuzi wa kuku wanapita mu makambi yetu ya Likasi, mu Panda, mu Shituru na mu Kikula, wakiuliza majogoo. Noeli na Bonane ziko njiani, na mutu mwenye jogoo mukubwa anajua kama bei itapanda. Hapo njo nyumba mingi zinafanya hesabu ileile: jogoo muzito anaenda ku soko, wa pili anaingia mu chungu, na ule mwembamba ambaye hakuna mutu alimutaka anabaki na kuku mama. Mwezi wa 1 ukifika, feza imekwisha, nyama imekwisha. Ule mwembamba njo baba wa vitoto vyote vya mwaka unaofuata.

Sisi wa sendika tunazoea kuandika juu ya mushahara na juu ya usalama wa kazi. Bandugu wengine watashangaa kutuona leo tunaandika juu ya kuku. Lakini tunaingia mu nyumba za wafanyakazi, na tunaona. Mutu wa kontra ya miezi 3 mu sutretansi hajui kama kontra itaendelea. Siku mushahara unachelewa, kitu cha kwanza kinachotoka mu lupango ni kuku: juu ya minervali ya mutoto wa sekondari, juu ya dawa, juu ya meka moja ya bunga. Hata mahindi tunayokula hapa Haut-Katanga, sehemu kubwa inatoka Zambia, na mupaka ukifungwa siku chache tu, bei inaruka. Kundi la kuku 8 ao 10 ni akiba ya nyumba. Ulizo la jogoo gani abakie ni ulizo la feza, sawa vile ulizo la mushahara.

Jogoo mumoja njo nusu ya kundi

Tuanze na jambo ambalo watu wengi hawalijue. Kuku mama hana lazima ya jogoo juu ya kutaga. Atataga hata akiwa peke yake, na mayai yake ni muzuri kwa kula. Jogoo kazi yake ni vitoto: bila yeye, yai likilaliwa siku 21 halitatoa kitu.

Sasa fanya hesabu. Kila kitoto kinachukua nusu kwa mama na nusu kwa baba. Tuseme uko na kuku mama 8, na kila mumoja anakomaza vitoto 5. Kuku mama akiwa mubaya, anaharibu vitoto vyake 5. Jogoo akiwa mubaya, anagusa vyote 40. Njo maana kuuza jogoo muzuri na kubakisha mubaya, mwaka kwa mwaka, inafanya kundi linakuwa dogo-dogo na zaifu, na watu wanasema "kuku wa kwetu hawakomee," kumbe ni sisi tunachagua vile.

Na wangapi? Kwa kuku mama 8 mupaka 10, jogoo mumoja anatosha. Jogoo wa bure anakula karibu gramu 100 za mahindi kwa siku. Ukiwa na watatu wa bure, ni kilo 9 kwa mwezi zinaondoka mu mufuko wako. Tena wanapigana, na wanapanda kuku mama bila kupumzika. Angalia mugongo ya kuku zako: kama manyoya imetoka na ngozi inaonekana, majogoo ni wengi ao kuko mumoja mukali sana.

Namna ya kuwapima

Majogoo wadogo wakifika miezi 4 ao 5, wanaanza kuwika na unaweza kuanza kuwaangalia. Usikate neno siku hiyo. Fungia kila mumoja kipande cha kitambaa ku muguu, mwekundu, mweupe, mweusi, na uwafuate mupaka miezi 7 ao 8.

Kwanza, shika mwili. Macho iwe wazi, bila machozi. Pumzi isitoe sauti. Miguu na vidole viwe vya kunyooka, na mufupa wa kifua usiwe wa kupinda. Pima uzito na mukono: jogoo muzuri wa kienyeji anajaa kifuani, lakini haiko lazima awe mukubwa kupita wote. Angalia zaidi nani alikomaa mbele ya wenzake wa umri mumoja, wakila chakula kimoja. Na yule aliyebaki muzima wakati wengine waliugua, mutie alama.

Pili, angalia tabia, na hapa njo watu wengi wanapita haraka. Asubuhi tatu zinazofuatana, tupa mahindi kidogo, kisha ukae pembeni, unyamaze. Utaona aina mbili za jogoo. Kuko anayekimbia wa kwanza, anakula, anapiga anayekaribia. Na kuko anayeokota punje, anaiachilia, anaokota tena, anaita kwa sauti ya chini mupaka kuku mama wafike, na wao njo wanakula. Huyu wa pili, kuku mama wanamufuata, kundi halitawanyike, na wanakula vizuri.

Tatu, angalia kipanga akipita juu. Jogoo muzuri anainamisha kichwa kando na jicho moja linatazama mbinguni, anatoa sauti ya kuonya, na vitoto vinaingia chini ya manioke. Jogoo anayeendelea kula wakati kivuli cha kipanga kinapita, hata akiwa na mukia wa kupendeza namna gani, atakulia vitoto hasara.

Ine, watoto wa nyumba. Jogoo anayeruka juu ya watoto hapana kubakia. Mwiba wa muguu wake unaweza kutoboa jicho. Na ukali huu unaweza kupita kwa vitoto vyake. Ukimubakisha leo, mwaka ujao utakuwa na watano sawa yeye. Huyu njo wa Noeli, na hakuna mutu atalia.

Wale wanaofanya kazi na sisi wataona kama ni njia ileile ya kuchagua delege. Mwenye kuwika kwa nguvu mbele ya mulango wa biro hana lazima ya kuwa njo yeye anayekumbuka wenzake siku ya kugawa.

Nani anakata neno?

Hapa tunagusa jambo la mu nyumba. Baba anatoka kazini, anaona jogoo mukubwa, anasema: "Ule tutauzisha, ataleta feza." Mama anajibu: "Ule unataka kuuza njo anachunga kuku. Uza ule wa kitambaa chekundu." Baba anasema jogoo ni jogoo. Na mara mingi jogoo anaenda.

Mu nyumba mingi, mama na watoto njo wanaotupa mahindi, wanafungua asubuhi na kufunga magaribi. Wao njo wameona zile asubuhi tatu. Sisi tunaodai kila siku kama mufanyakazi asikilizwe juu ya mashine anayoishika na mikono yake, tutaelezea namna gani kumupitia mama juu ya kuku anaowachunga? Baba ana haki ya kusema kiasi gani cha feza kinakosekana. Jogoo gani aende, mama njo aseme.

Kubadilishana kati ya majirani

Jogoo muzuri naye asibakie milele. Mwaka wa pili, binti zake wanaanza kutaga, na akiwapanda binti zake, damu inajirudilia: mayai mengine hayatotoe, vitoto vinatoka zaifu. Dawa yake haiombe feza. Nyumba tatu zinapatana: jogoo wa kwanza anaenda lupango ya pili, wa pili anaenda ya tatu, wa tatu anaenda ya kwanza. Mwaka ujao wanasogea tena. Kila nyumba inapata damu mupya, na hakuna aliyenunua.

Kuko mambo mawili ya kuchunga. Jogoo mugeni, hata akitoka kwa jirani, akae peke yake siku 14 mbele ya kuchanganyika. Ugonjwa wa Newcastle, ule unaopindisha shingo na kumaliza lupango nzima kwa siku chache, unaingia mara mingi na kuku mugeni. Chanjo yake iko. Ulizeni munganga wa nyama, na mupatane nyumba mingi pamoja, kwa sababu chupa moja inatosha kuku wengi na ikifunguliwa haibakie. Jambo la pili: kuku mama anachunga mbegu ya jogoo wa zamani mu mwili wake wiki mbili, mara nyingine zaidi. Kama unataka vitoto vya jogoo mupya, ngoja wiki 3 mbele ya kulalisha mayai.

Mbele ya mwezi wa 12

Shauri letu ni fupi. Jogoo wa kubakisha achaguliwe mbele mwezi wa 12 uingie, wakati bei bado haijatia watu tamaa. Afungiwe kitambaa cha rangi moja ambayo nyumba yote inajua, hata watoto. Muchuuzi akifika na feza mukononi, na akionyesha ule wa kitambaa, jibu liko tayari: huyu hauzwe, angalia wengine.

Tunajua kuko siku ambayo mugonjwa analala mu nyumba na hakuna kitu kingine cha kuuza. Siku hiyo, uza, lakini muulize kwanza jirani wa kubadilishana naye kama anaweza kumununua yeye. Jogoo atabaki mu kartie, na mwezi wa 3 utaweza kuomba mayai yenye mbegu yake, uyalalishe chini ya kuku yako.